Nailoni ya Fundi

Fundi yule wa soko la kompyuta, Cairo, kazi yake kubwa haifanyi kwa bisibisi bali kwa ukucha wa kidole cha mwisho, aliouachia ukue ukachongoka. Inas, mhariri wa video za harusi, alimletea kompyuta iliyokuwa ikikwama kila diski yake ya SSD ilipopata moto, na bibi harusi alikuwa anaisubiri video yake jioni hiyo hiyo. Pale dukani Inas akachagua kipozajoto kirefu chenye taa, cha kuipoza diski hiyo.

"Mhandisi, hiki kinapendeza!"

"Kinapendeza, lakini kwa urefu huo kadi ya picha itakaa wapi? Kichwani kwako?"

Fundi akachukua bati jembamba la kupozea, kisha kwa ukucha ule akabandua nailoni iliyofunika upande wake wa kunata. Fyuu! "Nusu ya jiji wanaiacha hii, eti kitu kisichakae. Sasa joto litapita wapi?"

Akalibandika bati juu ya diski. Kompyuta ikawaka, joto likashuka, video ikatiririka. Inas akapiga kigelegele hadi wenye maduka jirani wakachungulia. Kwa furaha akashika pembe ya nailoni iliyofunika rimoti ya kiyoyozi cha fundi, iliyokwisha kuwa njano kwa uzee, aibandue naye.

Fundi aliruka kitini. "Wee binti, acha! Bado mpya hiyo!"