Dada Yangu na Mioyo ya Ukoo Wetu

Baba yetu alikufa Jumamosi moja mchana, akiwa ameketi nje ya nyumba yake, huko kwetu Nyakach, karibu na Katito. Alikuwa ametoka kwa mdogo wake, ambaye boma lake linapakana na letu, na huko alikuwa amekula ugali na samaki, ngege wa kukaanga. Chakula kilipikwa na mke wa mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo. Baba alisema kifua kinamchoma, akaomba aletewe soda imsaidie kutoa gesi. Kabla soda haijafika alikuwa amelala upande mmoja wa kiti, hasemi. Wiki hiyohiyo alikuwa ameshika jembe na kulima kama kijana.

Mtu mwenye nguvu akianguka ghafla hivyo, watu wanataka kujua ni nani amemfanya. Kwetu jibu lilipatikana kabla hata ya mazishi. Mama mdogo alikuwa ameolewa kutoka upande wa Bondo, mbali na kwetu, mama mpole asiyekuwa na maneno mengi, na sasa ule upole wake ukawa ushahidi. Hakuna aliyemshtaki mbele ya chifu. Watu waliacha tu kula kwake. Watoto waliambiwa wakipewa hata maji katika nyumba ile wakatae. Kwenye mikutano ya familia alileta sufuria yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, akaiweka mezani na zingine, na jioni aliibeba ikiwa imejaa vilevile.

Miaka ilipita. Kisha kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, alishikwa na maumivu ya kifua akiwa kazini. Wenzake walidhani ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa ya tumbo na kumlaza kwenye magunia apumzike. Walipoona hali inazidi walimpeleka hospitali. Alifika akiwa hai, lakini hakutoka. Hakuwa amefikisha hata umri ambao baba alikufa nao.

Msibani maneno ya zamani yaliamka. Kaka hakuwa amekula kwa mama mdogo tangu baba afe, kwa hiyo ilibidi itafutwe njia nyingine, na mtu mmoja akakumbuka kwamba walisalimiana kwa mkono kanisani wakati wa Pasaka. Hiyo ikatosha.

Sasa nieleze habari za dada yangu. Yeye ndiye aliyemfuata kaka kwa kuzaliwa, mimi ni kitinda mimba. Ni fundi wa nguo, anashona sare za shule, na kanisani ndiye anayeongoza kwaya. Ni mfupi, ana sauti inayojaza nyumba, na akiuliza jambo haondoki mpaka limejibiwa. Siku kaka alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa naye pale wodini. Kutoka hospitali alikuja moja kwa moja kwangu Migosi, hukohuko Kisumu, akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Omera, ndugu yangu," aliniambia, "daktari ameniuliza baba alikufa na nini."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia wanasema alilishwa kitu. Hakunicheka. Aliniuliza baba alikuwa anavuta sigara? Nikasema ndiyo. Presha alikuwa anapima? Nikasema hapana. Alikufa akiwa na miaka mingapi? Alijisikiaje? Nilipomaliza kumweleza aliniambia, mama, inaelekea baba yako na kaka yako wamekufa na kitu kimoja, na kitu hicho hakiwekwi kwenye chakula na mtu mwingine. Tunakiweka sisi wenyewe kidogokidogo, na kingine tunazaliwa nacho."

Akanieleza kama alivyoelezwa. Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu ya kuulisha. Damu hiyo inaufikia kwa mishipa midogo. Presha ikiwa juu miaka mingi inaichubua ile mishipa kwa ndani. Moshi wa sigara unaichubua, sukari iliyozidi kwenye damu inaichubua, na mafuta yanajijenga pale penye mikwaruzo. Mwenyewe hahisi chochote. Siku moja ule utando wa mafuta unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na sehemu ile ya moyo inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Na kama baba au ndugu wa mtu amepatwa nao mapema, basi mtu huyo ajihesabu yuko karibu na mlango huohuo, ajipime na ajichunge kuliko wengine.

"Kwa hiyo ni mimi na wewe," dada alisema.

Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda kujipima kimya kimya. Dada yangu alisubiri Desemba, wakati ukoo mzima umerudi nyumbani, akaja na muuguzi kutoka kanisa lake aliyebeba mashine ya kupimia presha. Wakapanga viti nje. Watu walidhani ni mambo ya kampeni.

Dada aliketi kwanza, akakunja mkono wa nguo na kupimwa mbele ya wote. Kisha akaita, "Mama mdogo, njoo, ni zamu yako." Yule mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ua, mahali alipozoea kusimama. Alikuja polepole huku akifuta mikono kwenye leso.

Alipokaa, dada alisimama kando yake na kusema kwa sauti ile ya kwaya. "Kaka yangu alifia mkononi mwangu. Daktari amenieleza kilichomuua. Ndicho inaelekea kilimuua baba. Kiko kwenye damu yetu, kwenye chumvi yetu, kwenye sigara zetu na kwenye kukaa kwetu bila kupimwa. Huyu mama hakuzaliwa kwetu na hana damu yetu. Angekuwa na nguvu ya kuziba mishipa ya watu, angekuwa daktari mkubwa sana. Kuanzia leo atakayemtaja, anitaje na mimi."

Ami yangu mmoja, mzee mwenye fimbo, alikohoa na kusema yeye hawezi kupimwa, kwa sababu hajawahi kuona mtu akipimwa akaambiwa ni mzima. Watu walicheka, na kicheko hicho kilisaidia. Foleni ilianza kujipanga.

Baada ya hapo dada alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua changu kinajaa. Alivuka ua akaenda mpaka jikoni kwa mama mdogo, akachukua kigoda, akasema ana njaa. Tulikuwa tunamwona wote, mlango ulikuwa wazi. Mama mdogo alimpakulia ugali na mboga ya osuga. Dada alikula akamaliza sahani.

"Kitu kimoja tu, mama," alimwambia. "Chumvi umeweka nyingi."

"Nitapunguza," mama mdogo alijibu, na kisha akaketi chini akalia.

Mke wangu ndiye aliyekuwa wa pili kuingia jikoni mle, na mimi nikamfuata. Usiku huo sufuria aliyoiweka mezani ilirudi tupu.

Lakini kwenye kile kiti cha kupimiwa mimi sikutoka na habari njema. Muuguzi alinipima mkono wa kushoto, akanipumzisha, akanipima tena. Aliniuliza kama nimetoka kuvuta sigara. Akaniambia kipimo cha mara moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, niende kliniki nipimwe vizuri. Niliporudi Kisumu nilienda kliniki mara kadhaa, na kila mara presha ilikuwa juu. Damu ilipopimwa ikaonekana pia ina mafuta yaliyozidi, na sukari ilikuwa inaanza kupanda.

Mimi ni dereva wa lori. Nilikuwa nabeba saruji, nikikaa kwenye usukani kutwa nzima, nikishuka kula chipsi na soseji barabarani, na soda ya kunifukuza usingizi. Sigara niliiwasha kila nilipoingia barabara kuu, mkono ulijua wenyewe. Tumbo langu niliona ni heshima. Na maumivu sikuwa nayo hata kidogo, jambo lililofanya nione kama nimesingiziwa.

"Ungekuwa unaumwa ungekuwa umechelewa," daktari aliniambia. "Presha haina kelele."

Sigara ilinitesa. Niliacha, nikarudia, nikaacha tena. Kilichonisaidia ni njugu karanga zisizo na chumvi ndani ya gari, na mke wangu aliyekataa katakata nguo zenye harufu ya moshi zilale chumbani kwake. Samaki tuliacha kumzamisha kwenye mafuta, tukawa tunamchemsha kwa nyanya, dania na ndimu. Mwanzoni nilikula kama anayelipa adhabu, lakini ulimi nao unajifunza, na sasa nikila mchuzi wa hoteli nahisi nakunywa bahari. Kutoka Migosi mpaka yadi ya malori nilianza kwenda kwa miguu asubuhi. Majirani waliuliza kama nimefutwa kazi.

Dawa za presha nilizoandikiwa ndizo zilizokuwa mtihani. Kuna siku nilijisikia mzima kabisa nikataka kuziacha, na mtu mmoja sokoni Kibuye alikuwa ananiahidi chupa ya mizizi ya kusafisha mishipa yote. Nilimpigia dada simu.

"Unajisikia mzima kwa sababu unameza," alisema. "Ukitaka kuacha, muulize daktari, usimuulize mwenye chupa." Akakata simu.

Yeye mwenyewe alifuata yote. Alikuwa na presha kama mimi, na akameza dawa zake kwa wakati. Sigara hakuwahi kuvuta. Jioni, akifunga cherehani, alitembea. Ndiyo maana ilipompata yeye nilishindwa kuelewa.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, baada ya ibada, nikiwa nimeenda kumchukua kanisani. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la mwisho akijipepea na kitabu cha nyimbo. Alisema taya linamuuma, kama jino, na mgongo kati ya mabega. Alikuwa amechoka tangu juzi yake, uchovu asiouelewa, na sasa alitaka kutapika. Jasho lilikuwa linamtiririka ilhali kulikuwa na baridi ya mvua.

"Kifua kinauma?" nilimuuliza.

"Kimebana kidogo tu. Si kama kaka." Kisha akanitazama. "Omera, huu ni moyo. Twende hospitali. Usinipitishe nyumbani."

Mama mmoja wa kwaya alisema apewe maji ya tangawizi kwanza, apumzike. Mwingine akataka tumwombee. Dada alimjibu kwamba maombi yanaweza kusafiri kwenye gari. Tukaingia, na njia nzima alikuwa akiniambia niendeshe vizuri, tusije tukafa na ajali.

Hospitalini alijieleza mwenyewe kwenye mapokezi, bila kuniachia nafasi. "Nina presha. Baba yangu na kaka yangu walikufa na moyo. Taya, mgongo na jasho, vimeanza wakati wa mahubiri." Walimkimbiza ndani. Walimbandika nyaya kifuani, mashine ikachora, na daktari alipoona mchoro hakupoteza muda. Walimpa aspirini atafune, kisha wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Sikusali vizuri. Nilikuwa nikimhesabia Mungu mambo aliyoyafanya dada, chumvi aliyoikataa, njia alizotembea, kana kwamba Mungu hakuwa akiona.

Daktari alipotoka nilimuuliza swali hilohilo: imekuwaje, na mtu huyu alijichunga? Alinijibu kwamba kujichunga kunapunguza hatari, hakuifuti, hasa kwa ukoo kama wetu. "Lakini mwangalie," akasema. "Amefika mapema kwa sababu alijua anachokitafuta. Akina mama wengi huja wakiwa wamechelewa, kwa sababu kwao mara nyingi mshtuko wa moyo hauji na yale maumivu ya kumfanya mtu ashike kifua. Na kama si ile miaka ya kujitunza, pengine ungemfikia zamani, na vibaya zaidi."

Alipotoka hospitali alihitaji mtu wa kumpikia na kumwangalia mpaka apate nguvu. Mabinti zake wako mbali. Mama mdogo alifunga mzigo wake Katito akaja mjini bila kuitwa, mtu mzima wa miaka ile, akakaa naye mpaka akasimama. Nikienda kuwaona niliwakuta wawili hao uani, mmoja akichambua mboga za dek, mwingine akimwambia namna ya kuzipika, wakibishana. Sikuwa nimewahi kumsikia mama mdogo akibishana na mtu.

Sasa dada ameruhusiwa kurudi kwenye cherehani, na kwaya ameirudia pia, ingawa nyimbo ndefu anawaachia wengine. Vikundi vya akina mama vinamwita akazungumze, kuanzia mjini mpaka huko kwetu Nyakach. Haendi na karatasi. Anasimama na kuwauliza nani hapa amepimwa presha mwaka huu, kisha anangoja, na yule asiyenyoosha mkono anaona aibu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye mkutano mmoja wa hivyo, nikakaa nyuma na wanaume wawili watatu waliokuja kusindikiza. Jirani yangu aliniuliza yule mama ni daktari wa wapi.

"Si daktari," nilimwambia. "Ni dada yangu."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na watu wa viti vya mbele wakageuka.