Vidonge Nilivyompa Shangazi

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Mtongwe, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitano, shangazi yangu Mwanakombo alipotia chumvi mara mbili kwenye pilau ya harusi. Shangazi ndiye aliyenilea, na mtaani kwetu hapakuwa na harusi iliyopikwa bila yeye kusimamia masufuria. Siku hiyo wageni walikula matonge mawili matatu wakaanza kuomba maji. Shangazi akanitazama, hajui lililotokea.

Badala ya kumsitiri, nikasema mbele ya wanawake wenzake, "Mwacheni, uzee umemwingia kichwani."

Tangu hapo nikamkataza jiko. Akawa anasinzia mchana kutwa, akiinuka anayumba, na majina ya wajukuu yanampotea. Kila aliyeniuliza hali yake nilimjibu kwamba basi tena, ndiyo kuzeeka huko. Nilijiona nimelielewa jambo, kumbe sikuwa nimeuliza hata swali moja.

Jirani yetu Bi. Zuhura, aliyekuwa nesi, akaja kumjulia hali. Alizungumza naye kwa upole, kisha akaniita.

"Mwanaisha, anakunywa dawa gani?"

Nikamletea za presha.

"Lete zote. Hata za dukani."

Nikaleta na vidonge vya mafua nilivyonunua dukani. Shangazi alikuwa akiwashwa mwili, vidonge hivyo vikamtuliza, nami nikagundua kuwa vinamlaza pia. Basi nikawa nampa viwili kila jioni, ili na mimi nipumzike. Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia mtu.

"Anavinywa tangu lini?"

"Tangu masika, kabla ya ile harusi ya pilau."

"Na anayempa ni nani?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Alitupeleka zahanati, shangazi akapimwa damu, sukari na presha. Daktari akavisimamisha vile vidonge, akasema vinaweza kumvuruga akili mtu wa umri wake, akampa mafuta ya kupaka ngozi.

Hazikupita wiki tatu, asubuhi moja nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. "Mwanaisha, mchele umeosha?"

"Abee, shangazi, bado." Machozi yakanitoka, nikamwomba radhi.

Akaendelea kukuna. "Ulinisema mbele za watu. Mimi mwenyewe hukuniuliza ninavyojisikia."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kwa wale uliowaambia, ukawaambie na hili la vidonge."

Nikaenda, mwanangu, nyumba baada ya nyumba, na aibu yangu usoni. Wallahi, ile aibu ilinifunza kuliko kipigo. Shangazi alirudi jikoni. Jina moja moja liliendelea kumponyoka, lakini alipika harusi yangu mwenyewe.

Leo mimi nimepita sabini. Juzi nilisimama sokoni Likoni nisijue nimefuata nini. Nikaogopa, sikufichi. Lakini sikunyamaza, nilimwambia binti yangu siku ile ile, tukaenda kupimwa. Presha ilikuwa juu, na sikio moja limeziba, wakalisafisha, kumbe mengine niliyodhani nimesahau sikuwa nimeyasikia tangu mwanzo. Sasa natembea kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na mazungumzo ya baraza yamenirudia.

Basi nakuusia hivi. Mzee wako akianza kusahau, usimcheke wala usimkatie tamaa. Muulize mwenyewe, kisha mpeleke akapimwe, na dawa zote anazokunywa uzibebe. Dawa aliyoandikiwa usimwachishe kwa akili yako, wala ya dukani usimwongezee kabla hujauliza. Wapo ambao kumbukumbu zao hazirudi, na hao pia wanahitaji kusemeshwa, kupewa kazi wanayoiweza, kuheshimiwa mbele za watu. Lakini wapo wengi wanaosaidika, kama alivyosaidika shangazi.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu wenye afya, akupe na watu wa kukuuliza hali wakangoja jibu. Amina.