Simba wa Mlango wa Nyuma

Bosi wangu Mwarabu, wa mtaa wa Al-Malqa, alirudi kutoka Uchina akiwa mtaalamu wa miji ya kale. Tangu uwanja wa ndege, mimi nikiendesha, alinisomesha: mfalme wao alikaa kaskazini akitazama kusini, kuta zikamzunguka, na geti la katikati lilikuwa lake peke yake. Wengine walipita pembeni, kila mtu kwa cheo chake.

"Maskini wale watu," akasema. "Binadamu apimwe kwa mlango?"

Nikakata kona ya mwisho. Nilimshusha kwenye geti kubwa la nyumba yake, kisha nikazunguka na masanduku yake hadi mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Huo ndio tulioruhusiwa mimi na dada wa kazi, Mkenya mwenzangu.

Baada ya wiki chache wakafika simba wawili wa mawe aliowaagiza. Kule Uchina, alinieleza, ukiwaona mlangoni ujue hapo hupita mkubwa. Madam, mkewe, alipowaona akawaka: masanamu mbele ya nyumba yake, mafi, yaani hakuna, hataki kabisa! Wakahamishiwa nyuma, mmoja kila upande wa mlango wetu.

Kuanzia hapo dada alitoa taka katikati ya simba, shingo juu kama malkia. Mimi nilipita polepole, nikiwapungia mkono.

Bosi alituvumilia siku mbili. Ya tatu akaleta fundi, akatutobolea ukutani mlango mwingine, mfupi, wa kupita umeinama.