Ngoma ya Projesti na Akamwani ya Nyakatuntu

Nilianza kuifuata timu ya mpira baada ya kuwa mjane, tena mimi ambaye miaka yote nilikuwa nauita mpira kazi ya watu wasio na kazi. Nauza vitenge sokoni Kayanga. Kwetu ni Muleba, ndoa ndiyo iliyonileta Karagwe. Mume wangu Projestus, ambaye wote walimwita Projesti, alikuwa mpiga ngoma wa mashabiki wa Nyota, timu yetu ya pale mjini. Nyota ikicheza Ihembe, yupo. Ikicheza Kyerwa kule ndani, yupo, na kesho yake sauti imemkauka hata kuniomba chai hawezi. Masika yaliyopita aliugua siku chache tu, tukamzika kwao Ihembe, kwenye migomba ya baba yake.

Watu walikuja wengi msibani. Mtu mmoja hakuja, na huyo ndiye niliyekuwa namtazamia njiani kuliko wote. Ni Deogratias wa Nyakatuntu, Ta Deo kama tunavyomwita kwa heshima, mnywani wa mume wangu. Mnywani huku kwetu si rafiki wa kupungiana mkono barabarani. Ni watu wawili waliogawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akatafuna yake, wakawa ndugu. Wazee wa zamani walizipaka damu kwanza. Projesti na Deo ni Wakatoliki, wakaona damu ya Yesu inatosha, wakazitafuna hivyohivyo. Deo alikuwa shabiki wa Nyuki, timu ya Nyakatuntu, na kila msimu walitaniana mpaka mimi nachoka kusikiliza. Siku ya msiba nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Kisha nikamwekea kinyongo, sisemi uongo, kinyongo cha kulala nacho na kuamka nacho.

Basi msimu mpya ulipokaribia, Bwana Rweyongeza, mwenyekiti wa mashabiki wa Nyota, akaja nyumbani kuomba ngoma. Ni fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, na tunafahamiana kwa sababu wateja wangu wa vitenge huishia kwake. Nikamwambia ngoma haitoki bila mimi.

"Ma Justa, wewe na mpira wapi na wapi?"

"Wapi na wapi ni Nyakatuntu," nikamjibu. "Mechi ya mwisho si inachezwa kule?"

Alikuna kichwa, akasema ndiyo, inachezwa kule. Nilitaka kumwona Deo ana kwa ana, nimuulize swali moja tu: kwa nini hukuja kumzika ndugu yako? Na kama njia ya kufika kwake ilikuwa mpira, basi na mpira uje.

Kayanga, mechi ya kwanza. Nilikaa chini pembeni ya ngoma na mwavuli wangu. Rweyongeza mwenyewe ndiye aliyeipiga, na aliipiga kama mtu anayetwanga mihogo. Projesti alikuwa anaipiga kwa mahesabu: mpira ukiwa kwetu inaongea taratibu, ukikaribia lango inaharakisha, hata mtu aliye jikoni nyumbani anajua tumefika wapi. Siku hiyo tulifungwa. Sikuhuzunika kwa kufungwa. Nilihuzunika kwa sababu nilikuwa nimesikia ile ngoma miaka yote nikiwa sokoni, na sasa ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naisikiliza.

Ihembe, katikati ya msimu. Kiwanja cha Ihembe hakiko mbali na nyumbani kwa wakwe zangu. Tulitoka sare, mashabiki wakaenda kutafuta chakula, mimi nikajitwisha ngoma nikapita nayo katikati ya migomba hadi kaburini. Nikaiweka chini. Nilijiona mjinga, lakini nilimwambia: "Sare, mume wangu. Golikipa wenu hovyo, lakini ni sare." Baba mkwe alikuwa anapogoa kahawa hapo karibu, akajifanya hajasikia. Nilipomsalimu akauliza, "Yule mnywani wake bado?" Nikasema bado. Akaendelea na miti yake.

Toka hapo Nyota ikawa inapoteza mechi. Ilipobaki mechi moja ya Nyakatuntu, hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: tukitoka sare tunabaki kwenye ligi, tukifungwa tunashuka daraja.

Siku ya safari, alfajiri, stendi ya Kayanga. Wachezaji walitangulia na Hiace. Sisi mashabiki tulipewa Fuso la kubebea ndizi, tukatandika majani makavu ya migomba tukaketi. Mechi ilipangwa asubuhi ili wageni tuwahi kurudi. Kabla gari halijaondoka, Rweyongeza alisimama akashika bomba.

"Amri ni ileile ya mwaka jana," akasema. "Nyakatuntu hatuonji kitu cha mwenyeji. Maji tumebeba, chapati tumebeba. Wale wana kamati ya ufundi. Mwaka jana tulishika amri, tukawafunga mbili bila."

Kila anayefuata mpira anajua kamati ya ufundi maana yake nini. Hawafundishi kupiga pasi. Ni waganga na dawa zao, na watu wanasema dawa hupenda kupitia mdomoni. Wanawake wenzangu wawili walicheka, lakini niliona wanazihesabu chapati zao.

Omurushaka tulisimama kuchukua mashabiki wengine, kisha tukaingia Kyerwa. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, vilima vinatokeza juu peke yake, na baridi ilikuwa ya kufungia kitenge kichwani. Kufika Nkwenda jua likatoka. Kwenye nyua watu walikuwa wanaanika kahawa kwenye mikeka, kuku wanafukuzwa. Vijana waliimba, mimi nikapanga maneno yangu. Nilitaka yawe makali lakini ya heshima, nikayapanga na kuyapangua njia nzima.

Nyakatuntu. Kiwanja kiko kwenye mteremko kidogo, upande mmoja kanisa, upande mwingine mashamba. Nilishuka wa mwisho kwa ajili ya ngoma, na nilipoinua kichwa nikamwona Ta Deo amesimama pale watu wake walipo, hasogei. Alikuwa amekonda. Mkewe, Ma Koleta, alikuwa nyuma yake ameshika kikapu kidogo chenye kifuniko. Nikaenda mimi.

"Shikamoo, Ta Deo."

"Marahaba, shemeji. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Ta Deo, msiba wa mnywani wako ulikufikia?"

"Ulinifikia siku ileile."

"Ukakaa."

"Nikakaa," akasema, na akaitazama ngoma, hakunitazama mimi. "Shemeji, hakukuambia? Mwaka jana alisimama hapahapa ulipo, na ngoma hiyo shingoni. Nikamletea akamwani kama miaka yote. Akaweka mikono nyuma."

Ambaye si wa huku nimweleze. Akamwani ni kahawa iliyochemshwa pamoja na majani fulani ya harufu nzuri, ikakaushwa, ikawa ya kutafuna. Mgeni akiingia hupewa punje chache mkononi kabla ya lolote. Mwenye njaa hupokea na aliyeshiba hupokea. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini, na kwa mnywani ni zaidi ya hapo, maana undugu wenyewe ulianzia kwenye kahawa.

"Watu wangu wote waliona," Deo akaendelea. "Nikasema labda nimemkosea, atanituma mtu aniambie kosa. Hakutuma. Nikasikia amefariki. Simu yako niliiona inaita, nikaishika mkononi. Aliyekataa akamwani yangu akiwa hai, ningeingiaje kwake siku ambayo hawezi tena kunikataa?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga tangu Omurushaka yakaniishia. Nilikumbuka siku hiyo ya mwaka jana. Nyota walikuwa wameshinda, mji mzima unapiga honi, naye Projesti akaingia ndani akavua viatu, akakaa. Nilimwekea ndizi na maharage, hakugusa. Nikamuuliza kuna nini, mbona mmeshinda? Akasema, "Leo nimemfunga Deo vibaya." Akaenda kulala. Mimi nikadhani anasema magoli.

Nikamwambia Deo hivyo hivyo nilivyokumbuka, neno kwa neno. Nikamwambia na amri ya timu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inarudia kimyakimya: nimemfunga Deo vibaya. Ma Koleta akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akafungua kikapu, akamwani ndani, akakinyoosha kwangu.

"Ma Justa," Rweyongeza akaita nyuma yangu. Alikuwa amenifuata, na nyuma yake Fuso zima. "Ma Justa, tafadhali. Amri."

Nilijua ninachokichezea. Wale vijana walikuwa wamefuata timu ile msimu mzima kwa nauli za kuungaunga, na mimi nilikuwa mgeni wa juzi kwenye mapenzi yao. Tukifungwa, ni mimi. Lakini niliangalia mikono ya Ma Koleta, nikawaza mikono ya mume wangu ikiwa nyuma, na nikakinga yangu. Punje tatu. Chungu kwanza, halafu ile harufu ya majani inapanda puani. Nyuma yangu mtu akasema, "Tumekwisha."

Mechi ilikwenda bila goli muda mrefu. Nyota walizuia vizuri, hata mimi niliona, na Rweyongeza akaipiga ngoma mpaka shati likamlowa. Zikiwa zimebaki dakika chache, kona ikapigwa, kijana mmoja wa Nyuki akaruka juu ya wenzake akaweka kichwa. Ngoma ikanyamaza katikati ya pigo. Filimbi ya mwisho ilipolia, beki wetu mmoja alijilaza kifudifudi kwenye nyasi, na hakuna aliyekwenda kumwinua.

Kurudi. Ndani ya Fuso hakuna aliyenitukana, na mimi ningependelea kutukanwa. Mmoja tu alisema, "Aliyekula kahawa yao angetembea kwa miguu." Dereva alikuwa ameshawasha gari, tukamwona Ta Deo anakuja amevaa koti la kanisani, na kifurushi kidogo mkononi.

"Naomba nafasi," akasema. "Nina msiba Ihembe."

Mtu akisema ana msiba, huku kwetu hakuna wa kumnyima gari. Walisogea. Alikaa akaipakata ngoma mapajani ili isigongwegongwe, shabiki wa Nyuki peke yake katikati ya watu aliotoka kuwashusha daraja. Kwenye mlima wa pili kijana mmoja akasema, "Yaani wametufunga na bado tunawabeba." Deo akajibu, "Na ngoma yenu nawashikia." Wachache wakacheka, bila furaha, lakini walicheka, na mtu akamkatia kipande cha chapati. Alikipokea kwa mikono miwili akakila chote.

Kayanga wengi walishuka. Nilidhani Rweyongeza naye atashuka, duka lake liko pale pale stendi. Hakushuka. Aliongea na dereva, gari likashika njia ya Ihembe.

Ihembe tulifika jua bado liko juu ya migomba. Baba mkwe alikuwa uani. Alipomwona Deo hakuuliza lolote, alimshika mkono akatangulia naye kaburini. Deo akafunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayempa mtu habari za njiani:

"Projesti, tumewafunga moja bila. Kwa kichwa."

Hapo ndipo alipolia, mtu mzima yule, na mimi nikalia, machozi yote ya tangu masika.

Alipotulia, alichuma tunda moja bivu kwenye mti wa kahawa ulio kando ya kaburi, akaliminya, punje mbili zikatoka. Moja akaitia mdomoni, mbichi hivyohivyo. Nyingine akaichimbia kwa kidole kwenye udongo. Kisha akafungua kifurushi alichopewa na mkewe, akampa baba mkwe akamwani, akanipa na mimi.

Rweyongeza alikuwa amebaki nyuma chini ya migomba, ameshika ngoma. Akaiweka chini, akaja.

"Na mimi, Ta Deo."

"Amri je, mwenyekiti?" nikamuuliza. Ulimi wangu haujui mahali pa kukaa kimya.

"Tumeshashuka daraja, Ma Justa. Wataroga nini tena?"

Akatafuna polepole, macho kaburini. Nilidhani amemaliza kusema. Kisha akasema, na hakuwa anasema nami wala na Deo: "Mikono alitaka kuitoa. Mimi ndiye niliyemnong'oneza aiweke nyuma."

Deo alimwongeza punje mbili, naye akazipokea.

Wanaoniuliza sokoni nilijifunza nini kwenye mpira, nawaambia kwamba timu inayoshuka inaweza kupanda. Msimu ujao Nyota haitacheza na Nyuki. Ngoma nitaipeleka Nyakatuntu hivyohivyo, Rweyongeza amesema tutakwenda wote, na tukifika tutakinga mikono mbele.