Studeni Dol Hujibu Kwanza

Spas Karamfilov amefanya kazi katika manispaa yetu miaka ishirini na miwili, na muda wote huo sijawahi kumwona akikimbia. Siku moto ulipozuka kwenye chumba cha majalada alikuja kwa mwendo uleule anaoendea kahawa. Ni mrefu, mashavu yameingia ndani, na ana sweta moja la kijivu analolivaa mwaka mzima isipokuwa Agosti. Agosti hulitundika kwenye kiti, nalo hukaa pale likimsubiri. Ofisi yake inapakana na yangu. Mimi naandika vitabu vya vizazi, ndoa na vifo, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko ninavyotaka.

Kazi yake ni kompyuta. Za hapa mjini watu humletea wenyewe, wamezikumbatia kama kuku mgonjwa. Shida ni zile ishirini na sita za milimani, moja kwa kila ofisi ya kijiji. Ili asishinde njiani, Spas aliandika skripti, ukurasa mmoja na nusu wa amri, ambayo kila asubuhi saa moja na nusu hupita kwenye waya hadi kila kijiji na kuihoji kompyuta ya huko. Unaitwa nani? Saa yako inasemaje? Kinga yako ya virusi iko macho? Ukiachwa peke yako unalala baada ya dakika ngapi? Majibu hayo yamo kwenye mipangilio ya mashine, ndani kabisa ambako karani hana sababu ya kuingia, na skripti huyasoma na kuyaleta kwenye skrini ya Spas, mstari mmoja kwa kila kijiji. Anayewahi kujibu ndiye wa juu.

Skripti husoma tu, haibadilishi kitu. Jambo hilo Spas hulisema kwa sauti ile ambayo wanaume wengine husemea kwamba wameacha pombe. Niliwahi kumwambia kwamba angeweza kuzirekebisha saa zote za vijijini palepale kitini. Akanijibu kwamba mtu aliyeitwa kutazama meza haanzi kuhamisha viti.

Kwa miaka mingi wa juu alikuwa Studeni Dol. Karani wa kule, Metodi Shopov, aligundua siku moja kwamba kuna orodha na kwamba orodha ina wa kwanza, na tangu hapo hakupata amani. Alianza kufika ofisini saa moja kamili, kijiji kizima kimelala, na kijiji kizima maana yake ni watu kumi na wanne. Alifika kuwasha mashine tu. Saa moja na dakika thelathini na tano simu ya Spas ilikuwa inalia, nami nasikia kupitia mbao.

"Imeniona?"

"Imekuona."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza, Metodi. Nenda kanywe chai."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, karibu miaka kumi. Walionana labda mara mbili kwa mwaka, wakakaa bila kusema lolote la maana. Mimi nina dada ninayeongea naye saa nzima kila Jumapili, na sidhani kama tunajuana hata nusu ya walivyojuana wale wawili.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, Metodi alitoka ofisini saa tano asubuhi kwenda kutazama bomba la maji lililoganda. Alianguka kwenye theluji hatua chache kutoka mlangoni, moyo ukasimama. Kesho yake nilimwandika kitabuni. Hakuna aliyeajiriwa badala yake. Ofisi ilifungwa kwa ufunguo na kazi ikasahauliwa, kama kawaida yetu. Siku ya tatu nikamsikia Spas kupitia ukuta, saa moja na nusu, akisema taratibu, "Wa kwanza, Metodi."

Kompyuta ilikuwa haijazimwa. Metodi alitoka akidhani atarudi. Umeme wa ofisi ile uko pamoja na taa za barabarani, hakuna wa kuukata, na ukikatika wenyewe mashine hujiwasha ukirudi, maana Metodi mwenyewe alishaipanga hivyo asije akachelewa. Spas alijua. Mimi nilijua kwamba anajua. Nilimwona mjinga, kisha nikaanza na mimi kusikiliza ukutani saa moja na nusu, kwa hiyo sina la kusema.

Sasa tuje kwa Katibu wa Manispaa, Bi Ivelina Tosheva. Si mtu mbaya, nasema hivyo kwa haki. Ni mtu nadhifu. Alirudi kutoka kwenye semina ya siku nne na wazo kwamba ofisi za vijiji zisizotumika zifungwe, watu wake wahudumiwe mjini, na kwamba utumiaji utapimwa kisayansi. Akampa Spas siku na saa: Julai ishirini, saa nne asubuhi, skripti ipite. Kompyuta itakayojibu, ofisi yake ibaki. Isiyojibu, ofisi ifungwe kuanzia Septemba.

Skripti ikapita. Zilijibu tisa. Kumi na saba kimya, na miongoni mwake Gorna Lyaska, kijiji cha watu arobaini na mmoja, wengi wao wenye magoti ya kubadilishwa, kilomita thelathini na moja kutoka hapa, basi mara mbili kwa wiki kama dereva haumwi. Karani wa kule ni Stoimenka, mjane. Ndiye anayewaandikia maombi, anayewasomea barua za hospitali, na anayewapima shinikizo la damu kwa mashine aliyonunua mwenyewe. Ofisi ile ikifungwa, wale wazee hawana tena mlango wa serikali wa kubisha.

Spas alimpigia simu Stoimenka. Simu nayo kimya. Bi Katibu aliichukua orodha ikiwa bado na joto la printa, na kufikia mchana kila idara ilikuwa imepata barua kwamba uamuzi utapitishwa Ijumaa kikaoni. Mwisho wa barua aliongeza sifa kwa ofisi iliyojibu kabla ya zote, na akawataka makarani wengine waige ari ya Studeni Dol.

Niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kwa Spas nikafunga mlango.

"Andika tu kwamba Gorna Lyaska imejibu," nikamwambia. "Neno moja. Nani atajua?"

"Orodha itajua," akasema.

"Orodha haina macho, wewe bwana."

"Dada Tsonka, nikigusa mstari mmoja, ile mingine ishirini na mitano inakuwa hadithi. Ijumaa wakiniuliza naijuaje, nitasema nini?"

Nilitoka nimekasirika. Kuna uaminifu unaofaa kupongezwa na kuna uaminifu unaotaka kofi, na siku ile sikuona tofauti.

Kesho yake asubuhi, saa tatu, zote ishirini na sita zilijibu. Spas akampigia tena Stoimenka, na safari hii alipokea. Spas aliiweka simu kwenye sauti ya wazi kwa sababu alishaona kivuli changu mlangoni.

Alimuuliza kwa nini jana mashine ilikuwa imezimwa.

"Jana ilikuwa Mtakatifu Eliya," Stoimenka akasema.

Mimi nikashika kichwa. Julai ishirini. Sisi wa mjini tuna chuma cha kuvutia radi juu ya paa, siku ile tunaikumbuka jioni tukipata mwaliko wa supu ya jogoo. Lakini kule milimani siku hiyo Eliya anaendesha gari lake la radi juu ya mawingu, na hakuna anayeshika jembe, anayefua, wala anayeacha waya ukutani. Radi ije isije, siku ni yake.

"Si ulituandikia mwenyewe, bwana fundi?" Stoimenka akaendelea. "Kila asubuhi naisoma kabla ya nywila. Radi ikinguruma, zima, chomoa nyaya zote, usiguse mpaka kesho. Amri ya Manispaa. Sasa radi ya Eliya nisubiri mpaka iningurumie kichwani? Nilizima juzi jioni, nikachomoa, simu pia, nikaifunika mashine kwa mfarishi wa marehemu mama. Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Miaka tisa nyuma radi ilishuka kwenye waya na kuunguza kompyuta sita alasiri moja, na Spas, baada ya kubeba maiti zile sita mpaka stoo, aliingia kwenye mipangilio ya kila mashine na kuweka onyo linalotokea kabla ya kuingia. Ilikuwa mara yake ya mwisho kugusa kitu. Makarani kumi na saba walikuwa wamemtii. Ndio waliokuwa wanakwenda kufungiwa.

Alikwenda kwa Bi Katibu akamweleza. Bi Katibu alisikiliza vizuri. Kisha akasema siku iliyopangwa ilikuwa siku iliyopangwa, na kwamba mashine inayojibu leo huenda imechomekwa leo, baada ya watu kusikia habari. Alitaka ushahidi kwamba zilitumika kabla, na orodha ya kila asubuhi ya Spas hufuta ya jana yake. Ukimwondolea ile semina, hilo lilikuwa swali la haki.

Ushahidi ulikuwepo. Kila kompyuta huweka kwenye mipangilio yake jina la mtu wa mwisho kuingia na siku aliyoingia, na siku na saa ilipozimwa kwa mara ya mwisho. Spas hakuwa amewahi kuyauliza hayo mawili. Alasiri hiyo ya Alhamisi nilimkuta ameongeza mistari miwili kwenye skripti, mikono iko mapajani, hajabonyeza.

Nikaelewa kabla hajasema. Zingeonekana zile kumi na saba, na ingeonekana na Studeni Dol.

"Iruke," nikasema, safari hii kwa upole.

"Wewe ungeiruka?" akaniuliza. "Kitabuni kwako, ungemruka mtu?"

Jibu analijua. Akabonyeza.

Kikao cha Ijumaa kilikuwa kwenye ukumbi ule wenye mapazia ya zambarau. Bi Katibu alisoma utangulizi, akataja tena ari ya Studeni Dol, na hapo Spas akasimama akaomba asome orodha. Hakuhutubia. Alisoma kama anavyosoma kila kitu. Gorna Lyaska, aliyeingia mwisho ni Stoimenka, ilizimwa Julai kumi na tisa, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Kijiji kinachofuata, Julai kumi na tisa, saa kumi na nusu. Kinachofuata, Julai kumi na tisa. Vijiji kumi na saba, jioni moja, mkesha wa Mtakatifu Eliya. Diwani mmoja mzee alianza kucheka kwenye kile cha tano, na kufikia cha kumi alikuwa anapangusa macho. Kisha Spas akasoma zile tisa zilizojibu. Nane hazikuzimwa mkesha ule: makarani wake walikwenda kula jogoo wakaziacha zinawaka, ofisi hazina mtu. Alisoma hilo pia bila kubadilisha sauti.

"Studeni Dol," akasema mwishoni. "Aliyeingia mwisho, Metodi Shopov. Februari kumi na tatu, mwaka juzi. Haijazimwa."

Bi Katibu akauliza huyo Metodi ni nani, mbona hamkumbuki kwenye orodha ya watumishi. Nikasimama mimi.

"Nilimwandika mimi, Bi Katibu," nikasema. "Februari kumi na nne. Kitabu cha vifo."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Katibu aliikunja barua yake mara mbili, na kwa heshima yake nitasema hakujitetea. Azimio liliondolewa. Ofisi za vijiji zilibaki, Gorna Lyaska ikiwemo. Studeni Dol tu iliandikwa kwamba ifungwe rasmi, na mashine izimwe na mtaalamu.

Tulikwenda Jumatatu kwa gari lake. Njiani tulisimama Gorna Lyaska, Stoimenka akatuwekea supu ya jogoo aliyoibakiza, akamgombeza Spas kwamba amekonda. Hakujua ofisi yake ilikuwa karibu kiasi gani kufungwa, wala Spas hakumwambia. Nilitaka nimwambie mimi, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Ofisi ya Studeni Dol ilikuwa na harufu ya panya na karatasi. Miwani ya Metodi ilikuwa juu ya daftari, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Kikombe kilikuwa na alama kavu ya chai. Nilitikisa kipanya, skrini ikafunguka, na pale katikati palikuwa na jina lake na kisanduku cheupe kikisubiri nywila.

Spas alisimama amevaa sweta lake, Julai ile, akisoma jina lile kana kwamba lina kurasa nyingi. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Zima wewe, dada," akasema. "Mimi nasoma tu."

Kwa hiyo nilimwandika mimi na nikamzima mimi. Feni iliendelea kuzunguka kidogo, ikapunguza, ikakoma, na Spas akaitia miwani mfukoni.

Kesho yake saa moja na nusu nilikuwa ofisini kwangu, sikio ukutani. Nilidhani ameshalifuta jina kwenye faili la vijiji vya kuulizwa. Hakulifuta. Limebaki palepale juu, na kila asubuhi skripti huenda Studeni Dol kuuliza, husubiri zile sekunde zake, kisha huandika kwamba haijibu. Sekunde hizo Spas hanywi kahawa. Akimaliza kusubiri ndipo huchukua kikombe na kuanza na Gorna Lyaska.