Mwavuli wa LaRue

LaRue Tolman alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari wa Utah aliyeuweza: hakuweza kuona kiumbe kimetulia bila kukitilia kitu. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule, na hakuna mtoto aliyetoka jikoni kwake na sahani moja tu. Mimea nayo aliipenda hivyo hivyo, ikafa.

Dada yake, Ardith, alitunza ngano-mwitu ya majabali, ambayo wala si ngano na hakuna aliyewahi kuiokea mkate. Ni kichaka kifupi cha majani ya kijivu na maua ya manjano, kinachoota kwenye mawe makavu na kuchukia maji mizizini. Mara tatu alimpa LaRue mche, mara tatu ukaoza, na kila mara LaRue alimpelekea dada yake bakuli la viazi vya jibini, vile ambavyo watu wa Utah hupeleka misibani.

Mwaka huo mteremko wa marehemu mama yao, ambako vichaka hivyo viliota, ulichongwa barabara. Ukabaki mche mmoja tu, chunguni, na Ardith alikuwa anakwenda mjini kwa binti yake, kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Akamwachia LaRue chungu.

"Mpaka nirudi, tone usitie. Umenisikia?"

"Hata ya kuonja tu, dada?"

"LaRue!"

"Basi, basi. Sitii."

Hakutia kweli, na aliteseka. Mpira wa maji aliufunga kamba. Kila alipokunywa maji alikipa chungu mgongo, kwa kuona haya. Alitaka kuaminiwa, japo mara moja tu.

Siku ya Ardith kurudi, mvua ikashuka ghafla. Chungu kilijaa changarawe, hakibebeki. LaRue akatoka mbio na mwavuli.

Ardith aliposhuka garini, fimbo mkono huu, bakuli mkono huu, alimkuta mdogo wake amelowa chapachapa, mwavuli wote juu ya mmea, nao umechanua maua ya manjano.

LaRue akanusa. "Viazi vya msiba? Dada! Hata hujauona, umeshaupikia matanga?"

"Nilimwagiza binti yangu avipike. Nisamehe, mdogo wangu." Ardith akaliweka bakuli juu ya boneti. "Lakini na wewe! Huko mlimani nani aliuezekea?"

"Si ulisema hata tone?"

Ardith akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Akauchukua mwavuli, akauhamishia kichwani kwa LaRue.

"Mbegu zikikomaa, utazitunza wewe."

LaRue akaanza kulia, ila kwanza alisogea kando, asije akakidondoshea chungu chozi.