Sanduku la Barazani
Fundi cherehani wa kando ya barabara hapa Kasulo hutusemesha wateja kama tumemkosea. Mbwa wake wa kwanza aligongwa na lori. Huyu mdogo hamfungi kamba. Amemtengenezea sanduku la mbao, akatandika kitenge chake kuukuu. Kila asubuhi hutupia humo kipande cha muhogo na kumbembeleza: "Ingia, baba, ingia kwako." Akiingia, mlango hufungwa kidogo tu, huku fundi akimkuna kupitia upenyo.

Jana, nikiwa nasubiri anishonee suruali, mbwa alikuwa akicheza barazani, lori likapiga honi, akachomoka. Fundi akafumba macho. Alipofumbua, mbwa alikuwa sandukuni, anatetemeka juu ya kitenge.

"Suruali yako inaisha," akaniambia kwa ukali, akakanyaga cherehani kwa nguvu. Sindano haikuwa na uzi.